Neno la Kwenye Gunia

Jirani yangu hukaanga kawa, kama tunavyoita kahawa huku kwetu, kila Jumamosi. Huanza asubuhi, ukungu wa Butembo ukiwa bado umelala juu ya mabati, na harufu hupita chini ya mlango wangu kabla sijafungua dirisha. Watu wengi huipenda harufu hiyo. Mimi huacha ninachofanya, nikasimama, nikasikiliza nje. Mume wangu alishazoea. Mgeni akishangaa kuniona nimesimama na ufagio mkononi, yeye humwambia, "Umuache kwanza. Iko nangoja mutu." Hajawahi kuniuliza ni mtu gani.

Ninyi mliokuwa watoto wakati mmoja na mimi mtakumbuka kwamba siku zile kwetu hakuna aliyekunywa kawa. Tuliilima tu. Kule Vuhovi, kijijini kwetu nje ya Butembo, miti yake ilishuka mlima wote mpaka mtoni, na mikono yetu ilinuka maganda yake mekundu msimu mzima. Tulichuma, tukamenya, tukaanika kwenye mikeka, kisha malori yakaja yakabeba. Ilikokwenda hatukujua. Sisi watoto tulikuwa na hakika kwamba Wazungu waliisaga wakapata baruti. La sivyo, kwa nini wangewalazimisha babu zetu kupanda kitu kisicholiwa? Ukiitazama punje ya kawa, ina mstari katikati kama mdomo uliofungwa. Tuliambiana kwamba moto huingilia hapo.

Baba alikuwa akikusanya kawa ya majirani na kuipakia kwenye lori la rafiki yake, Mzee Ramazani, Mwislamu wa Beni. Ramazani aliipeleka kupitia mpakani Kasindi hadi Uganda, akarudi na chumvi na vitambaa. Kila safari alilala kwetu usiku mmoja. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia nyeupe iliyobaki nyeupe hata barabara ikiwa tope tupu, na alikuja na kawa yake mwenyewe kwenye kifuko, akaikaanga na kuinywa peke yake uani. Nyanya yangu, tuliyemwita Mukaka, alimtazama kwa mbali kama mtu anayetazama mchezo wa hatari.

Ramazani hakuingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi mara tatu, polepole, akingoja kati ya moja na nyingine. Hata kama mlango ulikuwa wazi na sisi sote tunamwona.

"Ramazani, unaita sana, kama mbuzi," Mukaka alimwambia. "Tumekuona tangu kule chini."

"Mama, dini yangu inasema tatu. Mukinyamaza, narudi na njia yangu."

"Siye mbili zinatosha. Ile moja tu ndiyo mubaya."

Hilo nalo mnalijua. Ukiitwa jina lako mara moja, na humwoni anayekuita, usijibu. Ngoja. Mtu mzima ataita tena. Aliyekufa ana pumzi ya kuita mara moja tu, na ukimjibu umempa pumzi yako aendelee nayo. Mukaka alitufundisha hivyo kabla hatujajua kuhesabu, na milimani kwetu, mahali ambapo ukungu unaweza kukufichia mtu aliye upande wa pili wa ua, lilikuwa somo la kila siku.

Safari moja Ramazani aliniletea gunia tupu kutoka Uganda, jipya, la katani. Nililifanya koti la mvua kama tulivyofanya sote: unaisukuma kona moja ndani ya nyingine mpaka inakuwa kofia, unalivaa kichwani, linakuteremkia mgongoni. Lilikuwa na joto, na lilinuka kitu ambacho sikukijua. Juu yake kulikuwa na herufi kubwa nyeusi. Nilikuwa darasa la pili, nilizijua herufi zote, lakini nilipoziunganisha hazikusema kitu: COFFEE. Haikuwa Kinande chetu, haikuwa Kiswahili, wala haikuwa Kifaransa cha mwalimu. Na nilipolivaa gunia, neno lilikaa mgongoni kwangu, mahali ambapo kila mtu aliliona isipokuwa mimi.

Wa kwanza kulisoma alikuwa padri wetu Mzungu. Uhuru ulikuwa umefika, na watu wazima walikuwa wakisemezana kwa sauti za chini, lakini misa ziliendelea. Nilikuwa nikitoka kanisani, mvua inanyesha, nikasikia nyuma yangu mtu anasema, "Koffie."

Niligeuka. Padri alikuwa amesimama mlangoni, ndevu zake zina matone.

"Hayo ni maandiko ya Baingereza," aliniambia. "Lakini wao walilichukua kwetu. Si Kifaransa hapana. Lugha ya mama yangu, Kifalandaa, kule nyumbani Ubelgiji. Mama alisema koffie kila asubuhi."

Mimi nilikuwa mtoto wa aibu sana. Nilitazama miguu yangu.

"Na siye tulilipata kwa Baturuki," akaendelea, kana kwamba nimemuuliza. "Neno ni kama mugeni, mutoto. Leo linalala kwa huyu, kesho kwa mwingine. Kila nyumba wanalipa nguo mupya."

Alicheka, akaingia ndani. Jumapili iliyofuata kengele haikulia. Tulipofika tulikuta mlango wa nyumba yake umefungwa na kofia yake ya majani bado imetundikwa kwenye msumari barazani. Watu walisema Wazungu wengi wameondoka kwa hofu, wengine wamepita Uganda. Hakuna aliyemwona akipita. Kofia ile ilikaa kwenye msumari mpaka ndege wakaingia ndani yake.

Sikuwaza kitu wakati huo. Wazungu wengi walikuwa wakiondoka.

Wa pili alikuwa Mgiriki aliyekuwa na duka mjini, ambaye zamani baba alimuuzia kawa. Alikuwa mtu mnene, mkali kwa wakubwa na mpole kwa watoto. Nyuma ya meza yake palikuwa na kisufuria cha shaba chenye mkono mrefu, kidogo kama cha mwanasesere, na ndani yake alichemsha kitu cheusi. Siku hiyo baba alinituma chumvi. Uasi ulikuwa tayari umeanza mbali huko, upande wa Kisangani, na dukani watu walinunua bila kuzungumza. Nilipogeuka kutoka, alisoma mgongo wangu.

"Kofi, kofi!" alisema, akiigiza mtu mwenye pua iliyoziba. "Baingereza hapana kujua kusema. Kahve! Babu yangu alisema kahve, sababu Baturuki ndio walikuwa wakubwa wetu. Weye mutoto wa nani?"

Nilimwambia jina la baba.

"Basi umwambie baba yako: ile anauza kwa gunia, miye nakunywa kwa kikombe kidogo hivi." Akanionyesha kikombe, akanipa peremende.

Baba alipokwenda siku mbili baadaye nilimfuata. Duka lilikuwa wazi. Mlango wa mbele wazi, wa nyuma wazi, upepo unapita katikati. Vitambaa vilikuwa kwenye rafu. Kile kisufuria cha shaba kilikuwa juu ya jiko, na kikombe kidogo mezani, tope jeusi chini yake bado bichi. Baba aliita. Aliita mara mbili, kama inavyotakiwa. Kisha akanishika mkono, tukatoka kinyumenyume.

Hapo ndipo nilipoelewa, au nilipodhani nimeelewa, na sikumwambia mtu. Neno la mgongoni kwangu lilikuwa linarudi kwao. Lilikuwa mgeni, padri alisema hivyo mwenyewe. Lilikuwa linarudi nyuma, nyumba kwa nyumba, kwa njia ile ile liliyojia, na mimi ndiye niliyelibeba. Kila mwenyeji alipolitambua na kulitaja kwa jina alilokuwa amelipa yeye, liliondoka naye. Lilimchukua padri Mfalandaa, likamchukua Mgiriki, mjukuu wa watu waliotawaliwa na Waturuki. Sikujua nani alikuwa nyuma ya Waturuki, lakini nilihisi ninamjua.

Siku hiyo nilipindua gunia, maandishi yakaenda ndani. Mvua ya jioni iliponyesha, nilihisi zile herufi zinanigusa mgongo.

Ramazani alikuja wiki hiyo. Alipiga hodi zake tatu, akakaa, lakini hakuikaanga kawa yake. Waasi walikuwa wanakaribia Beni, na mke wake na watoto walikuwa huko. Alikuwa anarudi kuwachukua awapeleke ng'ambo, na alimwomba baba afuatane naye, kwa sababu njiani kulikuwa na vizuizi vya vijana wa kwetu, na baba angewasemesha kwa Kinande.

"Siku chache tu," alimwambia mama. "Nitakurudishia bwana yako na miguu yake mbili."

Mama alikuwa anamnyonyesha mdogo wangu, akamtazama baba, na baba akatazama mlango. Kwetu rafiki aliyelala nyumbani mwako hakatai wala hakataliwi.

Nilikuwa nimesimama kizingitini na gunia langu. Ramazani aliniona.

"Masika, mbona umepindua koti yako? Miye nilikuletea yenye kuandikwa muzuri."

Nililishika gunia kwa nguvu.

"Huyu mutoto hapana kusema," baba alisema. "Tangu Mugiriki apotee, ni hivi."

"Mugiriki alikusomea?" Ramazani aliuliza. "Alikuambia nini? Kahve? Na nyuma ya hapo? Weye unajua Baturuki balilitoa kwa nani? Balilitoa kwa..."

Nilitupa gunia chini nikaziba masikio kwa mikono yote miwili. Nadhani nilipiga kelele, kwa maana mtoto mchanga aliamka. Nilipofungua macho, Ramazani alikuwa amechuchumaa mbele yangu, na hakuwa anacheka tena.

"Hapana kusema," nilimwambia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsemesha. "Ukisema, utapotea."

Nafikiri alielewa, au alielewa kwamba jambo lile halikuwa la kuchezea.

"Basi sisemi," alisema. "Nalibeba hivi hivi. Siku nitarudi na baba yako, weye mwenyewe utaniuliza. Ni sawa?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Walipoondoka, nilikuwa na furaha kuliko mama, kuliko Mukaka. Nilikuwa nimelifungia lile neno njia. Neno lisilosemwa lisingeweza kumchukua mtu, na kama lisingemchukua Ramazani, lisingemchukua baba aliyekaa kando yake kwenye lori.

Waasi walifika kabla yao. Tulisikia risasi upande wa barabara, na Mukaka akatutoa nyumbani, mama na mtoto mgongoni, mimi na gunia, tukapanda mpaka kwenye kibanda cha kuanikia kawa, juu kabisa, mahali ambapo miti inaishia na nyasi zinaanza. Tulikaa humo. Tulikula viazi tulivyobeba, kisha ndizi mbichi, kisha majani. Hatukuwasha moto mchana kwa sababu ya moshi. Maziwa ya mama yalianza kukauka, na mtoto akawa halii sana, jambo lililomtisha mama kuliko kilio.

Asubuhi moja ukungu ulishuka mzito kiasi kwamba mtu hakuona mkono wake mwenyewe. Mukaka alisema, "Leo moshi hapana kuonekana," akawasha moto. Hapakuwa na cha kupika. Palikuwa na kawa tu, magunia ya msimu uliopita ambayo hayakupata lori. Alichota punje kwa mikono miwili akazitia kwenye chungu kikavu.

"Mama, itapasuka!" mama alisema.

"Ramazani alikuwa anafanya hivi, na hakupasuka."

Alikoroga kwa kijiti. Punje zikawa za manjano, zikawa kahawia, na ile harufu ya ndani ya gunia langu ikajaa kibanda chote. Kisha zikaanza: pa. Pa, pa. Papa pa. Sote tulilala chini. Mama alimfunika mtoto kwa mwili wake, nami nilikandamiza uso udongoni, nikajua kwamba sisi watoto tulikuwa tumesema kweli siku zote, ilikuwa baruti. Mukaka peke yake alibaki amekaa, akikoroga.

Zilipasuka, zikanyamaza. Hatukufa. Mukaka alizitwanga kwa jiwe, akazichemsha na maji ya mvua, akanywa kwanza yeye. Alikunja uso.

"Ni muchungu kama dawa," alisema, akampa mama.

Nami nilikunywa. Ninachokumbuka si uchungu. Ninakumbuka kwamba baada ya kitambo njaa iliondoka. Sikushiba, iliondoka tu, kama mtu anayetoka chumbani bila kuaga, na mahali pake pakabaki wazi na pepesi. Nilisikia kila tone likidondoka kutoka kwenye majani. Nilisikia moyo wangu.

Ndipo sauti ikaita nje, karibu sana, labda hatua chache kutoka mlangoni.

"Masika."

Ilikuwa sauti ya Ramazani. Mama aliijua kama mimi, kwa sababu aliruka kusimama, uso wake umefunguka, na mimi mdomo ulikuwa tayari na jibu. Mukaka alitushika wote wawili. Sijui alipata wapi nguvu zile.

"Moja," alisema kwa pumzi.

Tulingoja. Ramazani hakuwahi kuita mara moja maishani mwake. Huyu ambaye alihesabu mpaka tatu mbele ya mlango ulio wazi. Nilimngoja aite ya pili, nilimwomba moyoni, nikijiambia kwamba anapumzika tu kati ya moja na nyingine kama desturi yake. Ukungu uliingia mlangoni ukakaa pamoja nasi. Hakuita.

Muda mrefu ulipita. Kisha tukasikia nyasi zikikanyagwa kutoka upande mwingine, upande wa mtoni, na mtu akikohoa.

"Mama Masika! Mama Masika!"

Mbili. Alikuwa baba, tope mpaka kifuani, bila viatu.

"Nani anakaanga kawa?" alisema kwa sauti ya chini, akilia na kukasirika pamoja. "Harufu inafika mpaka kule mutoni! Nimeifuata kama mbwa. Munataka batuue?" Akamshika mtoto, akamnusa kichwani.

Mama alitazama nyuma yake. "Ramazani iko wapi? Umuite aingie, ameshaita."

Baba alimrudisha mtoto mikononi mwa mama. "Ameita lini?"

"Sasa hivi. Ameita Masika."

Baba alikaa chini. Alitueleza polepole. Familia ya Ramazani ilikuwa imekwisha kuvuka Kasindi wao wawili walipofika Beni. Lori lilichukuliwa. Walirudi kwa miguu, porini, na jana yake waasi waliwakuta kwenye daraja. Ramazani alibaki akizungumza nao, akimfanyia baba ishara ya mkono kwa nyuma, kwamba aendelee. Baba aliendelea. Alipokuwa upande wa pili alisikia mlio wa bunduki, na hakugeuka.

"Ni jana," alisema tena. "Jana, mbele ya jua kuzama."

Baba alisimama, akaenda mpaka mwisho wa nyasi, akaita, "Ramazani! Ramazani!" mara mbili, kwa sauti ambayo waasi wangeweza kuisikia. Ukungu haukumrudishia hata mwangwi. Alirudi akamwaga maji motoni.

"Usiku porini alinipa maneno yako," aliniambia baadaye. "Alisema, kama miye sifiki, umuambie Masika lile neno..."

Niliziba masikio.

Hata sasa, mtu mzima, naweza kueleza vizuri kilichokuwa kichwani mwangu. Sikumruhusu Ramazani aseme, na bado alipotea. Mtoto mwingine angejua hapo kwamba neno halikuwa na hatia. Mimi nilifikiri kwamba alilisema, kule porini, kwa baba, na ndiyo sababu. Na sasa lilikuwa limelala kwa baba.

Kwa hiyo nilimlinda. Vita viliisha, tulirudi nyumbani, nilimaliza shule ya msingi, na kila baba alipofungua mdomo kuhusu Ramazani nilitoka nje. Alinielewa, akaacha. Alilibeba neno la rafiki yake miaka yote hiyo kama mtu anayetunza mzigo wa msafiri. Lakini nilianza kuona kwamba linamlemea. Kila alipokunywa kawa, kwa maana sasa tulikunywa, alinitazama juu ya kikombe, kisha akatazama chini. Hakuwa na kaburi la kumpelekea Ramazani kitu. Alikuwa na hilo tu.

Alasiri moja nilikaa mbele yake. Mikono yangu niliikalia, ili isipande masikioni.

"Baba, useme," nilimwambia.

Alikishika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Alisema Baturuki balilitoa kwa Baarabu. Na Baarabu banasema qahwa. Alisema: umuambie Masika, ni ile ile kawa yenu. Hakuna kitu ya kuogopa, iko ndani ya kinywa chake tangu azaliwe."

Nilimtazama. Hakuwa amemaliza.

"Na alisema, mbele ya kuwa jina ya hii yetu, Baarabu baliita hivyo kinywaji ingine, ya zamani. Ile inamutoa mutu hamu ya chakula. Ukikunywa, njaa inakwenda." Akanywa tone. "Ni hiyo tu. Alirudia mara tatu, nisisahau."

Nimesikia baadaye kwamba wenye elimu wanabishana juu ya hapo. Wengine wanasema neno limetoka mbali zaidi, katika milima ya Wahabeshi, na nyuma ya hapo hakuna ajuaye. Lakini mimi nilirudi kwenye kile kibanda, kwenye uchungu ule, na njaa inayotoka bila kuaga. Nililinywa neno lile kabla sijalisikia, na kabla kikombe hakijapoa, aliyelibeba akaja kuniita.

Baba aliweka kikombe chini, akatoka kuwaangalia mbuzi. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni kama kila alasiri. Nilimwona akivuka ua, mgongo wake ukawa kijivu, kisha hakuwapo.

Nilibaki nimekaa juu ya mikono yangu. Kikombe chake kilikuwa mezani, tope jeusi chini yake bado bichi.

"Masika," akaita kutoka ndani ya ukungu.

Sikujibu. Mbuzi walikuwa kimya. Nyumba nzima ilikuwa kimya. Nilisikia tone likidondoka kutoka kwenye bati, na jingine, na nilijua kwamba maisha yangu yote yatategemea kitakachofuata.

"Masika! Uko kiziwi? Umuambie mama yako alete bugali, miye nina njaa!"

"Abee, baba," nilisema. "Nakuya."